Joto linapoiba azoti: tulinde mbolea yetu shambani, kwenye lundo na ndani ya depo



Kila tunapokaribia musimu wa kupanda, swali moja linarudi katika mikutano ya vikundi, iwe Butembo, iwe Beni: angre tulinunua, mavi ya mbuzi tuliweka, mbona mahindi yanabaki manjano? Wengi wanajibu haraka kwamba muuzaji ametudanganya. Kweli, udanganyifu uko sokoni. Lakini mara nyingi mbolea ilikuwa nzuri siku iliponunuliwa, na nguvu yake ilipotea baadaye, njiani kati ya depo na mzizi wa mmea. Mwizi aliyeichukua haonekani kwa macho. Ni joto.

Katika toleo hili tunaeleza joto linafanya nini kwa azoti iliyo ndani ya mbolea: shambani tunapochoma majani, kwenye lundo la komposti, juu ya udongo tunapomwaga urea, na ndani ya depo ya chama. Mahali pa kwanza patatu, joto linakula mavuno. Mahali pa nne linaweza kula watu. Kwa hiyo tunaomba makala hii isomwe kwa sauti katika kikundi, hata kwa wale ambao hawakupata nafasi ya kusoma shuleni, na mlinzi wa depo awepo.

Azoti ni nini, na nitrati ni nini?

Azoti, ambayo vitabu vya Kenya na Tanzania vinaiita naitrojeni, ndiyo chakula kinachofanya jani liwe kijani na mbegu iwe na nguvu. Iko tele hewani: katika kila sehemu 100 za hewa, sehemu 78 ni azoti. Lakini mahindi, viazi na poaro haviwezi kuila hivyo hivyo. Ni mimea ya jamii ya maharagi, soya na karanga ndiyo inayoweza kuikamata hewani, kwa msaada wa vijidudu vinavyoishi katika vile vinundu vya mizizi.

Ndani ya majani, mavi na mabaki ya mavuno, azoti iko imefungwa. Mmea hauwezi kuila mpaka ifunguliwe. Vijidudu vya udongo vinakula mabaki hayo na kutoa amonia. Ndiyo ile harufu kali inayopiga pua ukiingia asubuhi katika zizi la mbuzi au kibanda cha simbiliki. Kisha vijidudu vingine vinageuza amonia kuwa nitrati. Nitrati inayeyuka katika maji, na mzizi unainywa.

Kila hali ina udhaifu wake. Amonia ni nyepesi kukimbia hewani. Nitrati ni nyepesi kusombwa na mvua. Na nitrati ina tabia nyingine ambayo lazima tuijue. Katika nitrati, azoti moja imeshikana na oksijeni tatu. Oksijeni ndiyo inayofanya moto uwake; ukifunika jiko, moto unakufa kwa kuikosa. Joto likizidi, mshikano ule unavunjika: azoti inatoka kama gesi, na oksijeni inaachiliwa.  Katika mifuko mingi iliyopangwa pamoja ndani ya nyumba, ni hatari kubwa.

Beni si Butembo

Butembo iko juu, karibu mita 1,750 kutoka usawa wa bahari. Beni iko chini zaidi, karibu mita 1,100. Ukishuka mita 1,000, hewa inapata joto la digri 6 hivi zaidi. Kwa hiyo mkulima wa Beni, Mangina au Oicha anafanya kazi katika joto linalomzidi yule wa Butembo kwa digri 4 hivi, na yule wa milima ya Lubero anapata baridi kushinda wote wawili.

Digri 4 zinaonekana kuwa kitu kidogo. Lakini kazi ya vijidudu vya udongo inaweza kwenda mara mbili haraka joto likiongezeka kwa digri 10. Ndiyo sababu majani yanaoza upesi katika mashamba ya kakao ya Beni, na yanakawia katika mashamba ya viazi kule juu. Ndiyo sababu pia shauri linalofaa Lubero halifai Beni kila mara. Kule juu tunapigania lundo lipate joto la kutosha. Huku chini tunapigania lisizidi.

Moto wa shambani

Wengi wetu tulikuta wazazi wakichoma. Wakati wa jua, Januari na Februari, au Juni na Julai, moshi unapanda kila upande wa mlima. Sababu zake tunazijua. Moto unasafisha haraka, unaua magugu na wadudu, na mimea ya kwanza inatoka vizuri kwenye majivu. Tena kuko sababu ambayo wageni hawaielewi: pale ambapo usalama ni mdogo, mkulima anaweza kupata siku chache tu za kufika shambani. Hana nafasi ya kukata majani na kuyapanga polepole. Anawasha, anapanda, anarudi.

Hatutaki kumhukumu mtu huyo. Tunataka tu ajue bei anayolipa. Azoti iliyo ndani ya majani inaanza kutoka kama gesi joto likifika kama digri 200. Likipita digri 500, zaidi ya nusu imekwenda. Moto wa majani makavu unafika huko bila shida. Kinachobaki ni majivu, na majivu yana potasiamu, kalisi na fosfori kidogo. Ndiyo maana mimea ya kwanza inafurahi. Lakini azoti imepanda na moshi, nayo haitarudi kwa mwenye shamba. Wahenga walisema moto huzaa majivu, na katika shamba maneno hayo ni ya kweli kabisa.

Tupige hesabu. Tani moja ya mabua makavu ya mahindi ina azoti kama kilo 6. Mfuko wa urea wa kilo 50 una azoti kilo 23. Kwa hiyo ukichoma tani 4 za mabua, umechoma azoti inayokaribia ile ya mfuko mzima wa urea. Mabaki ya maharagi yana azoti nyingi kushinda mabua, na hasara yake ni kubwa zaidi.

Zamani shamba lilipumzika miaka mingi, pori likarudisha kilichopotea. Leo ardhi ni ndogo. Milima ya Lubero imejaa watu, na wengi waliokimbia mashamba ya mbali wamesongamana karibu na miji. Kipande kile kile kinalimwa musimu A na musimu B, mwaka nenda mwaka rudi. Shamba lisilopumzika haliwezi kuchomwa kila mwaka na bado likulishe.

Mwenye nafasi ndogo afanye hivi: mabua ayalaze katika mistari inayokata mteremko, apande katikati ya mistari. Kazi hiyo haichukui muda mrefu kushinda kukesha ukilinda moto usiruke kwa jirani. Majani yenye ugonjwa ndiyo pekee ya kuchomwa, tena kando, kwa lundo dogo.

Lundo la komposti: joto rafiki, joto adui

Katika komposti tunalihitaji joto. Vijidudu vinapokula majani na mavi, vinatoa joto vyenyewe. Lundo likifika digri 55 na kubaki hapo siku kadhaa, mbegu nyingi za magugu zinakufa pamoja na vimelea vingi vya magonjwa. Mpaka digri 65 kazi bado inaendelea. Likipita 70, hata wafanyakazi wetu wale wadogo wanakufa, na azoti inakimbia kama amonia.

Kuko jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Vijidudu vinavyotengeneza nitrati havipendi joto kali. Vinafanya kazi vizuri kati ya digri 25 na 35, na vinakaribia kusimama lundo likipita digri 40 na kitu. Maana yake ni kwamba komposti iliyo moto bado haijawa chakula cha mmea. Azoti yake iko katika amonia au bado imefungwa. Lazima lundo lipoe, likae majuma kadhaa likikomaa, ndipo nitrati itengenezwe. Mkulima anayetoa komposti ikiwa moto na kuipeleka kwenye miche ya kabichi anapata hasara mbili: mizizi inaungua, na amonia inapotea hewani siku ile ile.

Huna haja ya kununua chombo cha kupima joto. Chukua fimbo ndefu, ichomeke mpaka katikati ya lundo, iache humo dakika kama 10. Itoe, ishike kwa mkono.

Ikiwa ni baridi, lundo limekauka, limekosa hewa au limekosa mavi. Mwagia maji, geuza, ongeza mavi au majani mabichi.

Ikiwa ni ya moto lakini unaweza kuishika, kazi ni nzuri. Liache.

Ikiwa huwezi kuishika hata kidogo, joto limezidi. Geuza lundo, mwagia maji, punguza kimo chake.

Pua nayo ni chombo. Ukisikia harufu inayotoa machozi, ujue hapo azoti yako inaruka. Dawa yake ni kuongeza vitu vikavu: mabua yaliyokatwa, majani makavu ya migomba, maranda ya mbao. Kisha tandaza udongo kidogo juu. Kwa kawaida mabua na majani makavu yawe mengi, na mavi pamoja na majani mabichi yawe machache. Mavi yakizidi, amonia inakosa kitu cha kuishika. Usimwage majivu mengi wala chokaa juu ya mavi mabichi, kwa sababu vinaifukuza amonia haraka zaidi. Majivu ya jikoni peleka moja kwa moja shambani.

Wakulima wa Beni wajenge lundo chini ya kivuli, kimo kisizidi mita 1 na robo. Wakulima wa juu wanaweza kufika mita 1 na nusu ili joto lisitoroke. Wote wafunike kwa majani ya migomba: jua lisikaushe, mvua isisombe nitrati iliyokwisha kutengenezwa.

Na tuache desturi ya kuanika mavi juani ili yawe mepesi kubeba. Ni kweli kwamba kupandisha mzigo mlimani kwa kichwa ni mateso, na mavi makavu ni mepesi. Lakini sehemu kubwa ya azoti inaweza kupotea katika kuanika, pengine hata nusu. Unabeba mzigo mwepesi kwa sababu mwizi amekwisha kuchukua fungu lake. Heri kuchimba shimo la komposti juu kule kule shambani, na kulijaza kwa tithonia, ule mmea wenye maua ya manjano kama alizeti unaoota kando ya barabara zetu. Majani yake yana azoti nyingi, tena hayauzwi.

Urea juu ya udongo

Urea si nitrati. Ikiguswa na unyevu wa udongo inageuka kuwa amonia katika siku chache, na joto linaharakisha kazi hiyo. Ikiwa imefukiwa, udongo unaishika amonia. Ikiwa imemwagwa juu, katika jua la Beni, kwenye udongo wenye unyevu kidogo na bila mvua ya kutosha kuizamisha, amonia inapanda hewani. Hasara inaweza kufika sehemu 30 kwa 100 au hata zaidi.

Tuhesabu tena. Mfuko wa kilo 50, hasara ya 30 kwa 100: ni kama kilo 15 za urea zimemwagwa barabarani. Hakuna hata mmoja wetu angekubali kuona mbeba mzigo wa chukudu akimwaga kilo 15 njiani. Lakini tunazimwaga wenyewe.

Dawa ni jembe. Chimba kishimo kando ya mmea, kama upana wa kiganja kutoka shina, kina cha vidole vitatu au vinne. Weka urea, fukia palepale. Fanya kazi asubuhi mapema au jioni. Gawanya mara mbili badala ya kumaliza yote siku moja. Ikiwa mvua kubwa inakuja, subiri ipite.

Depo: hapa ni uhai wa watu

Tuseme ukweli juu ya depo zetu. Katika kijiji, jengo la chama mara nyingi ndilo pekee lenye mlango wa chuma na kufuli. Kwa hiyo kila kitu kinaingia humo: kahawa, mahindi ya mbegu, angre, bido za petroli na mazuti, jenereta, makala, magodoro ya waliokimbia. Watu wakilazimika kukimbia, mlango unafungwa majuma mengi na hakuna anayejua ndani kuko nini. Hilo ndilo jambo linalotutia wasiwasi kushinda yote.

Angre inayotufikia, kwa sehemu kubwa kupitia Kasindi, si ya aina moja. Urea na DAP hazina nitrati. CAN ni nitrati ya amoniamu iliyochanganywa na chokaa, nayo ni tulivu zaidi kuliko nitrati ya amoniamu tupu. NPK nyingine zina nitrati ndani, nyingine hazina. Soma mfuko: ukiona maandishi ya Kifaransa nitrate d'ammonium, au nitrate popote pale, fuata kanuni zote tutakazotaja hapa chini.

Nitrati ya amoniamu inabadilika mara ya kwanza kwenye digri 32. Hapo chembe zake zinapanga umbo jipya na kuvimba kidogo. Joto likishuka zinarudi. Mchana na usiku, mchana na usiku, mwishowe chembe zinapasuka, zinakuwa unga, kisha unga unashikana kama jiwe. Nyumba ya manjanja isiyo na dari, huko Beni, inapita digri 32 mchana bila taabu. Ukikuta mfuko umekuwa jiwe, joto na unyevu vimepita humo. Usiuponde kwa nyundo ya chuma wala kwa shoka. Gonga polepole kwa mti.

Karibu na digri 170 inayeyuka. Kutoka hapo inaanza kuvunjika na kutoa gesi. Ikiwa mahali pana hewa na pako safi, gesi inatoka tu. Ikiwa joto limefungiwa ndani, au mafuta, makala na takataka zimechanganyika nayo, inaweza kulipuka.

Dunia imeyaona hayo. Tarehe 17 Aprili 2013, katika mji mdogo wa West, jimbo la Texas huko Marekani, depo ya mbolea iliyohudumia wakulima wa karibu ilishika moto. Mbolea ilihifadhiwa katika masanduku makubwa ya mbao, ndani ya jengo la mbao. Katika dakika 20 hivi ikalipuka. Watu 15 walikufa, na 12 kati yao walikuwa wamekuja kuzima moto au kusaidia. Tarehe 4 Agosti 2020, katika bandari ya Beirut, Lebanoni, tani 2,750 za nitrati ya amoniamu zilizokuwa zimelala katika ghala miaka kama 6 zililipuka baada ya moto. Watu zaidi ya 200 walikufa. Na mwezi wa Septemba 2013, huko São Francisco do Sul, Brazili, ghala la mbolea yenye nitrati lilitoa moshi mzito siku kadhaa, na watu wakahamishwa. Huko hapakuwa na mlipuko: mbolea ilikuwa inavunjika yenyewe kwa joto lake, kama komposti iliyokosa mtu wa kuigeuza.

Depo zetu ni ndogo, hazina tani elfu. Lakini ile ya West nayo ilikuwa ya mji mdogo. Na moshi wa mifuko michache tu ndani ya nyumba iliyofungwa unatosha kuua mtu.

Kanuni za depo

1. Angre ikae peke yake. Petroli, mazuti, mafuta ya kula, makala, majani makavu, dawa za mimea na jenereta viwe katika nyumba nyingine. Ikiwa nyumba ni moja tu, jengeni ukuta wa matofali katikati na mlango wake wa nje.

2. Klorini isiingie kabisa. Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, klorini ya unga ilitumika Mangina, Beni na Butembo, na huenda mabaki yake bado yako katika stoo. Klorini ikikutana na urea au angre yenye amoniamu inatoa gesi yenye sumu na inaweza kuleta moto au mlipuko. Tafuteni ndoo hizo leo, mzipeleke mbali na angre.

3. Urea na mifuko yenye nitrati visipangwe pamoja. Vikichanganyika vinavuta maji ya hewa mpaka vinakuwa uji.

4. Mifuko ilale juu ya mbao kavu na safi, mbali na ukuta kwa hatua moja na mbali na manjanja kwa mita moja. Rundo lisiwe refu, na pawe na njia katikati.

5. Hewa ipite. Fungueni matundu chini na juu ya ukuta, mkiyaziba kwa wavu. Dari ya mianzi au mikeka imepakwa udongo inapunguza joto la manjanja. Mikeka mikavu mitupu isiwekwe, maana inashika moto.

6. Hakuna sigara, hakuna taa ya mafuta, hakuna mshumaa, hakuna kupikia mlangoni. Balbu isining'inie karibu na mifuko.

7. Mfuko uliopasuka ushonwe au ubadilishwe siku ile ile. Iliyomwagika ifagiliwe; iliyochanganyika na mafuta au takataka isirudishwe mfukoni.

8. Daftari liandikwe: aina ya angre, mifuko mingapi iliingia, mingapi ilitoka, kwa nani. Nakala moja ikae nje ya depo, kwa kiongozi mwingine. Kama watu wakikimbia, atakayerudi kwanza ajue ndani kuko nini. Daftari linasaidia pia kuona upesi kama mfuko umeibiwa, na wizi wa nitrati uripotiwe kwa chama na kwa wenye mamlaka siku ile ile.

Moto ukitokea

Mifuko yenye nitrati haizimwi kwa kufunikwa. Mchanga, blanketi au udongo havisaidii, kwa sababu nitrati inabeba oksijeni yake yenyewe. Ukiifunika unaifungia joto ndani. Kinachosaidia ni maji mengi, na milango yote wazi ili joto na gesi vitoke.

Ikiwa moto ni mdogo na bado haujafika kwenye mifuko, mwageni maji mkiwa upande unakotoka upepo. Ikiwa umefika kwenye mifuko, au mnaona moshi wa rangi ya kahawia, acheni kila kitu. Waondoeni watu wote, wakiwemo watoto wanaokuja kutazama, waende mbali sana, upande unakotoka upepo. Hakuna mfuko wa kahawa wala daftari la chama linalostahili mtu mmoja arudi ndani.

Moshi ule wa kahawia una hila. Mtu anaweza kuuvuta, akakohoa kidogo, akajisikia mzima, akaenda kulala. Baada ya saa kadhaa mapafu yanajaa maji. Kila aliyeuvuta apelekwe kituo cha afya siku ile ile, hata akikataa, na mganga aambiwe wazi kwamba ni moshi wa angre.

Ya kuzungumza katika kikundi

Kabla ya kugawa angre ya musimu huu, tunaomba kila chama kijibu maswali haya matano pamoja:

Nani ana ufunguo wa depo, na nani ana nakala ya daftari?

Petroli, makala na klorini viko wapi sasa hivi? Twendeni tukaone kwa macho, tusiulize tu.

Mchana wa jua kali, mkono unaweza kukaa juu ya mfuko wa juu kabisa bila kusikia joto?

Ni wanachama wangapi walichoma mabua musimu uliopita, na nani kati yao anaweza kujaribu kipande kimoja bila kuchoma, tukalinganisha mavuno?

Nani ana lundo la komposti ambalo wengine wanaweza kwenda kujifunza kazi ya fimbo?

Azoti inayopotea haipigi kelele, na ndiyo sababu tunaizoea hasara yake. Kufukia urea kunahitaji jembe tu, kugeuza lundo kunahitaji mikono tu, na kutoa bido la petroli ndani ya depo ni kazi ya dakika tano. Tuanze na hiyo ya dakika tano, leo, kabla jua halijatua. Majibu ya kikundi chenu myakabidhi kwa agronomi anapopita, nasi tutayaweka katika toleo linalofuata ili vyama vingine vijifunze.